Uhasibu wa nyenzo za nyuklia kwa kompyuta: makosa ya mkono yanapunguzwa vipi hasa?

Boharia wa Mbeya

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni boharia katika taasisi moja ya umma, na kwa sasa ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili ya ugavi. Miaka miwili iliyopita tuliacha leja za karatasi tukahamia kwenye kompyuta, tukiamini kwamba tofauti kati ya leja na mali iliyopo rafuni zingekwisha. Hazikuisha. Nilipofuatilia niligundua kwamba mtumishi bado anasoma uzito kwenye mizani, anauandika kwenye karatasi, kisha jioni mtu mwingine anauchapa kwenye kompyuta. Yaani tulibadilisha daftari, lakini hatukubadilisha safari ya tarakimu kutoka kwenye mizani hadi kwenye leja.

Msimamizi wangu alinishauri nitazame jinsi viwanda vya nyuklia vinavyotunza hesabu zao, kwa kuwa huko hata gramu chache za plutoni hutakiwa kuwa na maelezo. Ninaomba mwenye uelewa anisaidie mambo mawili. Kompyuta inaondoa nini hasa katika kazi hiyo, au inahamisha tu makosa kutoka mahali pamoja kwenda pengine? Na hesabu inapogoma kulingana, wanajuaje kama tofauti hiyo ni ya mwandishi, ya mizani, au ya mwizi?

Mpimaji

Dada Boharia, hiyo safari ya tarakimu uliyoitaja ndiyo kiini cha jambo, kwa hiyo nitaanzia hapo. Nimesomea fizikia ya vipimo na nimefanya kazi na mizani na vihesabu mionzi kwa miaka mingi.

Nchi isiyo na silaha za nyuklia iliyojiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, hupaswa kuwekeana makubaliano ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao yake Vienna. Kiolezo cha makubaliano hayo, hati iitwayo INFCIRC/153, kinaitaka nchi iwe na mfumo wake wa kitaifa wa kuhesabu na kudhibiti nyenzo hizo. Kiwanda hugawanywa katika maeneo ya mizania, na kila kinachoingia au kutoka katika eneo hupimwa na kuandikwa. Mabadiliko ya mwezi mzima huripotiwa ndani ya siku 30 baada ya mwezi huo kwisha. Hesabu yenyewe unaifahamu: chukua mali ya mwanzo, jumlisha iliyoingia, toa iliyotoka, kisha toa iliyokutwa siku ya kuhesabu. Kinachobaki wakaguzi hukiita MUF, yaani nyenzo ambazo daftari linasema zipo lakini kipimo hakikuziona.

Katika bohari yako, makasha yakiwa yamefungwa, jibu sahihi ni sifuri. Kwenye kiwanda kinachoshughulika na unga na vimiminika jibu haliwi sifuri kamwe, kwa sababu vitu hivyo havihesabiwi bali hupimwa, na hakuna kipimo kisicho na shaka yake, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupotoka kutoka kwenye uzito wa kweli. Kwa hiyo mkaguzi haulizi kama kuna tofauti. Anauliza kama tofauti iliyopo inaweza kubebwa na shaka ya vipimo peke yake. Shirika la Vienna limeweka viwango vya kiasi kinachohesabiwa kuwa kikubwa: kilo 8 za plutoni, na kilo 25 za urani 235 ikiwa imo katika urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa sehemu ya aina hiyo ya 235, kufikia 20% au zaidi. Sasa tazama kiwanda cha Rokkasho huko Japani, ambacho kimesanifiwa kuchakata tani 800 za fueli iliyotumika kwa mwaka, zenye takriban tani 8 za plutoni. Shaka ya 1% tu katika kiwanda kama hicho ni kilo 80, ambayo ni mara 10 ya kiwango nilichokitaja. Mtu aliye katika hali hiyo hana nafasi hata kidogo ya kuongeza makosa ya kalamu juu ya shaka ya vipimo.

Hapa naomba unisome taratibu, kwa kuwa ndipo penye tofauti kubwa kati ya makosa hayo mawili. Shaka ya mizani ina tabia inayojulikana. Ukipima jiwe lilelile mara 50 utaona jinsi majibu yanavyotawanyika, na kutokana na mtawanyiko huo unaweza kukokotoa shaka ya mizania nzima. Kosa la mwandishi halina tabia. Leo ataandika gramu 1,257 badala ya 1,527. Kesho ataruka mstari. Keshokutwa ataandika uzito wa chombo pamoja na kilichomo mahali palipotakiwa uzito wa kilichomo peke yake. Hakuna fomula ya kukisia kosa la namna hiyo, na baya zaidi ni kwamba likiwa dogo linajificha ndani ya shaka ya vipimo, ambako hakuna atakayelitafuta. Uhasibu ulio na makosa mengi ya mkono ni ukungu, na ndani ya ukungu huo upungufu wa kweli hupita bila kuonekana.

Ndiyo maana watu wa fani hii walianza mapema kutafuta njia ya kuutoa mkono wa binadamu katikati. Maabara ya Los Alamos nchini Marekani ilitengeneza mfumo ulioitwa DYMAC kwa ajili ya jengo lake jipya la plutoni lililoanza kazi mwaka 1978. Vifaa vya kupimia vilivyo palepale kwenye mstari wa kazi, zikiwamo mizani za kielektroniki na vihesabu nutroni, viliunganishwa na kompyuta, na mfanyakazi akawa anaingiza muamala wakati uleule nyenzo inapohama kutoka kisanduku kimoja cha glavu, yaani sanduku lililofungwa ambalo mtu hufanyia kazi ndani yake kwa kuingiza mikono kwenye glavu, kwenda kingine. Kabla ya hapo picha kamili ya mali ilipatikana baada ya kusimamisha kazi na kuhesabu kila kitu.

Kwa mfumo wa namna hiyo, uzito hausomwi na mtu. Unatoka kwenye mizani na kupita kwenye waya hadi kwenye rekodi. Jina la chombo halichapwi, bali husomwa na kifaa kutoka kwenye msimbo pau uliobandikwa au kuchongwa juu ya chombo. Thamani zinazotokana na nyingine hazikokotolewi na mtu: ukishaingia uzito wa urani na kiwango cha urutubishaji, uzito wa urani 235 unajazwa na kompyuta yenyewe. Mfumo unajua chombo kilikuwa wapi mara ya mwisho, kwa hiyo mtu akidai kukitoa katika chumba ambacho hakimo, muamala unakataliwa papo hapo, akiwa bado amesimama mbele ya chombo na anaweza kukitazama tena. Jambo hili la mwisho nalithamini kuliko yote. Kosa linalogunduliwa baada ya sekunde tano hurekebishwa kwa kutazama. Kosa linalogunduliwa baada ya miezi mitano hurekebishwa kwa kubahatisha.

Kuna kazi nyingine ambayo kompyuta huifanya vizuri na wengi hawaifikirii. Plutoni haikai ilivyo. Isotopu yake ya 241, yaani mojawapo ya aina za atomu zake, ina nusuuhai (muda wa nusu yake kuoza) ya takriban miaka 14.3 na hugeuka kuwa elementi nyingine iitwayo amerisi, maana yake ni kwamba karibu 4.7% ya isotopu hiyo hutoweka kila mwaka bila mtu yeyote kuigusa. Kwenye leja ya karatasi mtu angelazimika kukokotoa upya kila mstari kwa kila tarehe. Mwaka 2003 Japani ilitangaza tofauti ya takriban kilo 206 za plutoni katika kiwanda cha kuchakata fueli cha Tokai kwa kipindi cha tangu mwaka 1977, na katika maelezo yaliyotolewa, sehemu ya tofauti hiyo ilikuwa ni huko kuoza, na sehemu nyingine ilikuwa imekwenda na taka.

Mkaguzi Mstaafu

Nimekagua hesabu za mashirika kwa zaidi ya miaka 30 hapa Mombasa, na sijawahi kuingia kiwanda cha nyuklia, lakini nimefurahi kuona kwamba misingi ni ileile. Naomba niongeze mambo ya kihasibu ambayo Ndugu Mpimaji ameyapitia haraka.

Chukua mfano wake wa 1,527 na 1,257. Tofauti yake ni 270, na 270 inagawanyika kwa 9 bila baki. Kila mara tarakimu mbili zinapobadilishana nafasi, tofauti itagawanyika kwa 9. Wahasibu wa zamani tulilitumia hilo kila siku: mizania ikigoma, jambo la kwanza ni kugawanya tofauti kwa 9, na ikikubali unaanza kutafuta tarakimu zilizopinduliwa kabla ya kumshuku mtu. Kanuni hii haithibitishi chochote, kwa kuwa namba moja kati ya kila namba tisa itagawanyika hivyo kwa bahati tu, lakini inakuonyesha pa kuanzia. Kompyuta inaweza kufanya jaribio hilo kwa kila tofauti, kila siku, bila kuchoka.

La pili ni usahihishaji. Katika ripoti zinazopelekwa Vienna, rekodi iliyokosewa haifutwi kimyakimya. Hutumwa rekodi nyingine inayoitaja ile ya awali na kuisahihisha, ili mtu akirudi baada ya miaka 20 aone kilichoandikwa kwanza, kilichobadilishwa, na lini. Binti yangu Boharia, kabla hujaulizia mizani zenye waya, angalia kama mfumo wenu unamruhusu mtu kurudi nyuma na kubadilisha kiasi cha mwezi uliopita bila kuacha alama. Kama unaruhusu, hamna leja. Mna ubao wa chaki.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi, nalo linajibu swali lako kuhusu mwizi. Mwaka 1992, mhandisi mmoja wa kiwanda cha Luch huko Podolsk, karibu na Moscow, alichukua takriban kilo moja na nusu ya urani iliyorutubishwa sana. Hakuvunja mlango. Alichota kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, kwa sababu alifahamu kwamba kiwanda kilikubali takriban 3% ya upotevu wa kawaida katika uchakataji, naye alikuwa makini kiasi cha kuupunguza upotevu wake na kujiwekea baki. Daftari halikuona kitu kwa sababu daftari lilikuwa limekwisha kumpa ruhusa. Alikamatwa katika kituo cha treni, tena kwa bahati tu, katika shughuli ya polisi isiyohusiana na urani. Nawaomba mlitafakari hilo, kwa maana mahali popote mnapoweka asilimia ya upotevu unaokubalika bila kupima upotevu wenyewe, mmetengeneza mlango, na kompyuta mtakayoifunga itaulinda mlango huo kwa uaminifu uleule.

Mtunza Hifadhidata

Shikamoo Mzee Mkaguzi. Ninakubaliana nanyi nyote wawili, ila kwa upande wangu, kama mtu ninayejenga mifumo hii, ningependa Dada Boharia asiondoke na picha kwamba kompyuta ni mwisho wa makosa. Swali lake la kuhamisha makosa ni la haki kabisa.

Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika, Marekani ilizisaidia taasisi za Urusi kulinda na kuhesabu nyenzo zao, na miongoni mwa misaada hiyo kulikuwa na programu za uhasibu kutoka maabara za Marekani. Mwaka 2001 Bruce Blair, mtafiti wa masuala ya silaha za nyuklia, aliandika katika gazeti la Washington Post kwamba wataalamu wa Taasisi ya Kurchatov mjini Moscow waligundua kasoro katika programu ya hifadhidata ya kampuni ya Microsoft iliyokuwa chini ya mfumo huo: kadiri ilivyotumika, baadhi ya mafaili yalikuwa yanapotea machoni pa mtumiaji ingawa yalikuwamo ndani. Maana yake ni nzito. Mwandishi wa karatasi huruka mstari mmoja. Kasoro ya programu inaweza kuruka mistari mingi, na hakuna kidole kilichoteleza ambacho mtu anaweza kukikumbuka. Jambo la kutia moyo ni kwamba waligundua, na binafsi naona somo lake kwetu ni kulinganisha kile mfumo unachoonyesha na kumbukumbu nyingine iliyotunzwa kwa njia tofauti.

Kuhusu makosa mapya yanayozaliwa na kompyuta yenyewe, kwa uzoefu wangu la kwanza ni orodha ya kuchagulia. Mtu hachapi tena jina la bidhaa, anachagua katika orodha, na kidole kikishuka mstari mmoja chini anapata bidhaa nyingine iliyo halali kabisa, ambayo mfumo hauna sababu ya kuikataa. La pili ni onyo linalojirudia. Mfumo ukimuuliza mtu "Una hakika?" mara 60 kwa siku, baada ya wiki moja atakuwa anabofya "Ndiyo" bila kusoma, na siku onyo litakapokuwa la kweli litapita pamoja na mengine. Onyo liwe adimu, na likitokea limtake mtu apime upya, siyo abofye tena.

Kuna pia lebo. Msimbo pau hausemi kilichomo ndani ya chombo. Unasema tu lebo gani imebandikwa juu yake. Lebo ikihama, kompyuta itaandika uongo kwa usahihi mkubwa.

Na pale ambapo hamna budi kuchapa namba ya chombo kwa mkono, wekeni tarakimu ya kuhakiki mwishoni. Njia inayotumia kigawanyo cha 11, kama iliyotumika katika namba za vitabu zenye tarakimu 10, hukamata kila kosa la tarakimu moja na kila badilishano la tarakimu mbili zilizo jirani. Njia inayotumika kwenye kadi za benki ni rahisi zaidi, ila haitambui mtu aliyeandika 90 mahali pa 09.

Mkazi wa Lubumbashi

Salamu kutoka Kongo. Mnazungumza juu ya unga na vimiminika, lakini kuna sehemu ambazo hazina unga hata kidogo, na bado hesabu imewahi kupotea. Kinshasa ilipata mtambo wa utafiti wa nyuklia mwaka 1959, nao ulikuwa wa kwanza barani Afrika. Fueli yake ni fito za chuma zenye urani ndani, ambazo mtu anaweza kuzihesabu moja moja. Fito mbili ziliibwa miaka ya 1970, na moja wapo ilikuja kukamatwa nchini Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakitaka kuiuza. Nyingine haijaonekana.

Ninaleta habari hii kwa sababu sisi wa Katanga tunaishi juu ya ardhi iliyotoa urani ya Shinkolobwe, na jambo hili linatuuma. Kwa fito zinazohesabika, kosa la tarakimu halikuwa tatizo kuu. Tatizo ni kama kuna mtu anayekwenda kuziangalia kwa macho, akiwa na orodha ya namba zake mkononi, mara kwa mara na bila kukosa.

Boharia wa Mbeya

Nawashukuru sana nyote, na Mzee Mkaguzi, shikamoo. Nimekwenda kuangalia leo asubuhi: mfumo wetu unaruhusu kubadilisha kiasi cha mwezi uliopita, na hauonyeshi nani aliyebadilisha. Nimelala na hilo moyoni tangu niliposoma ujumbe wako jana, na leo limethibitika.

Naomba kuuliza jambo moja zaidi. Kusini mwa nchi yetu, Namtumbo, kuna mradi wa urani wa Mto Mkuju. Mgodi hauna plutoni wala fueli. Je, uhasibu wa aina hii unaugusa, au ni wa mitambo tu? Na kwa bohari ndogo, yenye watu watatu na mizani mbili, inafaa kweli kununua vifaa vyote hivi?

Mpimaji

Mgodi unaguswa, ingawa kwa uzito tofauti. Chini ya Itifaki ya Nyongeza, yaani nyongeza ya yale makubaliano ya ukaguzi, iliyopitishwa mwaka 1997, nchi iliyoiridhia hulieleza shirika la Vienna mahali migodi yake ya urani ilipo na uwezo wake wa uzalishaji, na kwa makubaliano yenyewe ya ukaguzi, urani inayosafirishwa kwenda nchi nyingine kwa matumizi ya nyuklia huripotiwa. Kwa Tanzania mdhibiti ni Tume ya Nguvu za Atomu. Mgodini kinachohesabiwa ni mapipa ya keki ya njano, yaani unga wa urani uliotolewa kwenye mawe, na kosa la kalamu linalonitia wasiwasi zaidi huko halihusu tarakimu iliyopinduka, bali jina la kitu kinachopimwa. Keki ya njano huelezwa mara nyingi kama oksidi ya urani ya aina ya U₃O₈, na katika oksidi hiyo urani yenyewe ni takriban 84.8% ya uzito. Mtu mmoja akiandika uzito wa oksidi na mwenzake akausoma kama uzito wa urani, katika kila tani 100 kunazaliwa tofauti ya zaidi ya tani 15 ambazo hazikuwahi kuwapo. Kiwango cha shirika kwa urani ya asili ni tani 10. Mfumo mzuri haumwachii mtu nafasi tupu ya kuandika "uzito". Unamtaka aseme uzito wa nini, kwa kipimo gani, na wenyewe unakokotoa kilichobaki.

Kuhusu ukubwa wa bohari, gharama si lazima iwe kubwa. Mizani nyingi za kielektroniki za siku hizi zina tundu la waya ambalo halijawahi kutumika tangu zinunuliwe. Waya na programu ndogo ya kupokea namba ni nafuu kuliko mizani yenyewe. Ila kila asubuhi, kabla ya kazi, wekeni juu ya mizani jiwe la uzito unaojulikana na acheni mfumo uandike jibu, kwa sababu mizani iliyopotoka na kuunganishwa kwa waya itapotosha leja bila mtu hata mmoja kushtuka.

Nirudi sasa kwenye swali la mwandishi, mizani au mwizi, maana nadhani halijajibiwa vizuri. Ukishaondoa makosa ya mwandishi kwa kadiri inavyowezekana, tofauti inayobaki inaanza kuwa na sauti. Kiwanda cha fueli ya plutoni cha Tokai, tofauti na kile cha kuchakata nilichokitaja awali, kilikuwa cha kisasa chenye mitambo ya kujiendesha, na bado mwaka 1994 ilifahamika kwamba takriban kilo 70 za plutoni zilikuwa zimejikusanya kama vumbi ndani ya visanduku na mitambo. Hakuna aliyeiba. Unga ulinata, na kuupima ukiwa umenata ni kazi ngumu sana.

Mfano wa pili ni wa Uingereza, katika kiwanda cha THORP huko Sellafield. Bomba lilivunjika ndani ya chumba ambacho mtu haingii, na takriban mita za ujazo 83 za kimiminika chenye urani na plutoni zikamwagika kwa miezi kadhaa. Viashiria vya chumbani vilikuwapo, lakini havikufuatiliwa ipasavyo. Kilichowafanya wapeleke kamera mwezi Aprili 2005 ni watu wa hesabu, walioona kwamba kilichopokelewa hakilingani na kilichofika hatua inayofuata. Kila nikikumbuka tukio hilo naheshimu zaidi kazi ya mtu anayekaa na mizania na kukataa kuizungusha ili ilingane. Ukiona tofauti ileile inarudi kila mwezi kwa upande uleule, tafuta mizani iliyopotoka, unga ulionata, au bomba linalovuja. Ikitokea mara moja kwa namba inayogawanyika kwa 9, tafuta mwandishi. Ikibaki daima chini kidogo ya kiwango mnachokiruhusu, rudi kwenye mfano wa Podolsk alioutoa Mzee Mkaguzi.

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Hilo la mwisho alilosema Mpimaji liandike katika tasnifu yako kwa wino mzito. Kwa ukaguzi wangu wote, hesabu iliyonitisha zaidi ni ile isiyokuwa na tofauti kabisa mwezi hadi mwezi, kwa sababu maana yake ni kwamba kuna mtu anayeisawazisha kwa mkono kabla sijafika.

Mtunza Hifadhidata

Dada, kwa zuio la kubadilisha miezi iliyopita, mwambie mtengenezaji wa mfumo wenu afunge kila mwezi ukishahesabiwa, na masahihisho yote yaingie kama miamala mipya yenye jina la mtu, tarehe na sababu. Hiyo ni kazi ya siku chache. Jambo ambalo litachukua muda ni data za zamani. Msizihamishe jinsi zilivyo.

Boharia wa Mbeya

Hapo ndipo nimekwama. Tukiacha data za zamani, tutaanza na nini?

Mpimaji

Anzeni na mali mliyoihesabu kwa macho na kuipima kwa mizani iliyohakikiwa asubuhi hiyohiyo. Mali ya mwanzo katika mizania ya nyuklia ndiyo ile iliyokutwa katika hesabu ya mwisho iliyopimwa, siyo ile ambayo leja ilidai kuwapo. Funga bohari siku mbili, hesabuni watu wawili wawili, mmoja asome na mwingine ahakikishe lebo, na kila jozi ihesabu upande ambao siku zote haiutunzi. Tofauti mtakayoipata kati ya hesabu hiyo na leja ya zamani iandikeni wazi siku ileile kama muamala wa kwanza wa mfumo mpya, yenye sahihi ya mkuu wenu.

Boharia wa Mbeya

Nimezungumza na mkuu wangu mchana huu. Amekubali tufunge Ijumaa na Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ameniomba niandike barua ya kueleza kwa nini tofauti itakayopatikana haitasawazishwa kimyakimya kama zamani, nami nimeanza kuiandika kwa mfano wa bomba la Sellafield.